Pedali za Kinyumenyume

Nilifundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Taroudant kwa miaka thelathini na mmoja. Nalisema hili mapema ili mjue ukubwa wa aibu ninayokwenda kuwasimulia. Mtu asiyejua umeme akishindwa na baiskeli ya umeme, hapo hakuna kisa. Lakini mimi nilikuwa nikiuchora umeme ubaoni kwa chaki za rangi, nyekundu unakokwenda, buluu unakorudi, na nikiwafokea watoto wa watu waliouchora vibaya.

Nilipostaafu, magoti yalianza kulia kama mlango wa zizi. Mke wangu, Ijja, akanishauri nitafute baiskeli ya umeme, na akanishauri pia ninunue dukani, pale uwanjani, kwa mtu ambaye ikiharibika nitamkuta palepale. Mimi nikaenda soko la Jumapili, nikarudi na moja ya bei poa, jina lake limebandikwa upande kwenye fremu, na hakuna aliyewahi kulisikia.

"Mwenye duka anakuuzia jina," nilimwambia. "Umeme ni umeme."

"Haya, Baba Tuda," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Ijja akisema hivyo, mwenye akili hujifikiria mara ya pili. Mimi nilikwenda kuijaza baiskeli umeme.

Ni ya namna ile isiyo na kitu cha kuzungusha mkononi. Unakanyaga pedali, mota iliyo kwenye gurudumu la nyuma inahisi kwamba unakanyaga, inakusukuma. Ukiacha, nayo inaacha. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mfalme. Niliwapita vijana barabarani nikiwa na koti la sufi, bila tone la jasho, nikiwatolea salamu za pole.

Kisha siku moja, natoka sokoni Talmoklate, mfuko wa mboga umening'inia usukanini, mkate kwapani, mota ikakata. Haikukohoa wala haikuonya. Ilinyamaza kama mtu aliyekasirika katikati ya mazungumzo. Nikakanyaga kwa nguvu zangu mwenyewe hadi nyumbani, na magoti yangu yakanieleza maoni yao. Kesho yake asubuhi, nilipokwenda kunywa chai, ikafanya kazi kana kwamba hatukuwahi kugombana. Mchana nikirudi, ikafa tena.

Mtu wa kawaida angeikagua baiskeli. Mimi nilichora jedwali. Kwa siku tisa niliandika saa, joto, upepo, na hali ya betri. Mwishowe jedwali likasema wazi: asubuhi nikienda, inafanya kazi, mchana nikirudi, inakufa. Basi ni joto. Waya zikipata joto, ukinzani unapanda, umeme unachoka. Nilimweleza Ijja wakati wa chakula, nikipanga zeituni mezani kuwa ndizo chembe za umeme.

"Lakini hufa ukirudi tu," Ijja akasema. "Jumanne ulikwenda kwa mwanetu Tuda saa sita, jua linapasua mawe. Ilikufa?"

"Haikufa."

"Ulipokuwa unarudi na hizi zeituni alizotupatia, jua limelala. Ilikufa?"

"Ilikufa. Lakini hiyo ni mara moja, haiharibu kanuni."

"Basi niondolee kanuni yako kwenye sahani, nataka kula."

Nikakifunga kile kisanduku kinachoongoza umeme kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji, kisipate joto. Mtaani wakauliza kama baiskeli imetoka hija. Mchana ikafa, kitambaa na yote. Nikaleta mita ya umeme, nikapima betri, nikapima waya, nikapima hata nisichokijua. Kila kitu kilikuwa sawa, jambo lililonikera sana, maana kisichokuwa sawa kilichobaki ni mimi, na hicho sikuwa na mita yake.

Ikabaki sehemu moja. Kwenye mhimili wa pedali, upande wa kushoto, kuna pete ya plastiki yenye sumaku ndogondogo, na kando yake kuna kidude kinachoziona zikipita. Hicho ndicho kinachoiambia mota, "Mzee anakanyaga, msaidie." Nikaamua kuwa pete imechafuka. Kuitoa kunahitaji chombo cha kuvutia mkono wa pedali, na mwenye nacho alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Dahmane.

Dahmane alishona viatu vya ngozi tangu utoto hadi macho yalipomkatalia. Ana miaka sabini na miwili, ana goti bovu kuliko langu, na ana baiskeli ya umeme kama yangu, isipokuwa yake ni nzima. Wanawe walio Agadir walimnunulia dukani. Ananiheshimu kupita kiasi, kwa sababu yeye hakusoma. Alileta chombo, akaleta na glasi yake ya chai, akakaa juu ya ndoo uani kwangu kuitazama elimu ikifanya kazi.

Nilitoa mkono wa pedali, nikatoa pete, nikaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ghali ya argani kutoka jikoni, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Ijja alinifokea zaidi kwa mafuta kuliko kwa baiskeli. Nikarudisha pete, nikakaza, nikaitoa baiskeli uchochoroni. Dahmane akafuata na chai yake. Kulikuwa na wanawake wawili wanatoka kwenye tanuri la mtaa na sinia za mkate kichwani, nao wakasimama.

Nikapanda. Nikakanyaga. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena, mota kimya kama kaburi. Kwa hasira nikarudisha pedali nyuma nusu mzunguko ili niweke mguu vizuri nishuke, na hapo baiskeli ikachomoka.

Naapa sikuwa tayari. Ilinipeleka mbele kwa kishindo, kanzu inapepea, mmoja wa wale wanawake akajibandika ukutani na sinia yake. Nikaacha kuzungusha, ikatulia. Nikazungusha mbele, hakuna kitu. Nikazungusha nyuma, ikaruka tena. Mwisho wa uchochoro nikageuka, nikarudi nilikotoka huku miguu yangu inazunguka kinyume kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau.

Dahmane alikuwa amesimama, chai inamwagika. "Mwalimu! Miguu inarudi, na wewe unakuja!"

Hapa ndipo ningesema, "Kaka, nimeharibu." Maneno mawili tu. Lakini mdomo wa mwalimu ukikutana na mtu anayeshangaa, haujui kufunga.

"Ndivyo nilivyokusudia," nikasema. "Hii misuli ya mbele imefanya kazi miaka sitini. Imechoka. Ukizungusha kinyume, unaamsha ile ya nyuma, na goti linapumua."

"Goti linapumua!" Dahmane akarudia polepole, kama anayelipima neno kwa mkono.

Alasiri ileile, nilipobaki peke yangu uani, nikaifungua tena. Kwenye ubavu wa pete kulikuwa na mshale mdogo uliochongwa na mtu mwema huko kiwandani, ili hata mjinga asikosee. Ulitakiwa utazame nje. Mimi niliuelekeza ndani. Nilikuwa nimeigeuza pete, na mota ikaamini kwamba nyuma ndiyo mbele. Kazi ya dakika kumi kuirekebisha. Nikaishika mkononi, nikaitazama, na wakati huo nikasikia sauti ya Dahmane upande wa pili wa ukuta akimweleza mtu, "Mwalimu Bihi amevumbua kitu." Nikairudisha pete vilevile ilivyokuwa.

Wiki nzima nilivuka uwanja wa Assarag nikikanyaga kinyumenyume. Mji wetu una baiskeli nyingi kuliko paka, na hakuna mtu anayetazama baiskeli, lakini yangu ilitazamwa. Pale mkahawani walinipokea kila siku.

"Mwalimu, unakwenda au unarudi?"

"Mwacheni, anatafuta miaka yake iliyopotea."

"Ukifika jana, nisalimie marehemu baba!"

Nami, badala ya kunywa chai yangu na kunyamaza, nilikuwa nikiwajibu kwa sayansi. Nilichora paja la binadamu nyuma ya karatasi ya sukari. Ubaya ni kwamba ule ugonjwa wa kwanza ulikuwa bado haujapona. Nikirudi nyumbani mchana na vitu vyangu, mota ilikata kama kawaida yake, na kwa kuwa kuzungusha kinyume bila mota hakukupeleki popote, ilinibidi nibadilishe miguu ghafla mbele ya watu na kuanza kukanyaga mbele kama binadamu wengine. Watu wakaniuliza hiyo nayo ni ya nini. Nikasema ni mapumziko ya misuli ya nyuma.

Siku ya nane Dahmane alikuja akisukuma baiskeli yake. "Nigeuzie na mimi, mwalimu. Goti hili halinipi usingizi."

Nilikuwa na nafasi ya pili, na Mungu hampi kila mtu nafasi ya pili. Nikachukua chombo chake mwenyewe na kuiharibu baiskeli yake nzima kwa mikono yangu, kwa makusudi, huku nikimweleza faida zake. Alinishukuru. Aliniletea mtungi wa asali.

Siku kumi akazunguka mjini kinyumenyume, akilisifu goti lake kwa kila aliyemsalimia. Nilianza kuona kwamba labda uongo wangu umekomaa na kuwa kweli, maana kuna matunda ambayo huiva hata yakiibiwa.

Sasa, sisi tuliokua na baiskeli za zamani tuna tabia moja. Tukitaka kupunguza mwendo, mguu wenyewe unarudisha pedali nyuma kidogo. Hatufikirii, ni mguu. Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunaelekea lango la Bab Targhount, Dahmane mbele, mimi nyuma yake. Langoni likatokea gari la punda limejaa majani mabichi ya mifugo hadi juu. Dahmane akaliona, akaacha kuzungusha. Mguu wake ukafanya ulivyozoea miaka hamsini, ukarudisha pedali. Na mota, kama ilivyofundishwa na mimi, ikamsukuma mbele kwa nguvu zake zote.

Aliingia ndani ya yale majani hadi kiunoni. Kofia ilibaki nje, na miguu. Baiskeli ililala chini, gurudumu linazunguka. Punda akageuza shingo akatazama, kisha akaanza kuchukua majani yaliyoning'inia kwenye koti la Dahmane.

Nilitupa baiskeli yangu, nikakimbia. Tulimvuta watu watatu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, kioo kimoja cha miwani kimepasuka, na sikioni ametoka na ua la zambarau. Nilipomkalisha chini alinishika bega kwa mkono ulio mzima.

"Usijilaumu, mwalimu," akasema. "Ulinieleza vizuri. Mimi ndiye mzito wa kujifunza."

Katika miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto wengi kwamba ni wazito wa kujifunza. Sikuwahi kujua neno lile lina ladha gani. Siku ile nilijua, na nilikwenda nalo hadi zahanati, ambako Dahmane alimweleza muuguzi kwa fahari, wakati anafungwa bendeji, kuhusu uvumbuzi wa jirani yake.

Nyumbani Ijja alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukanda unga.

"Kuna jambo jingine," nikaanza. "Ile pete..."

"Uliiweka kinyume. Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Uliiacha juu ya mkeka ukaenda kunawa. Nafagia ua mimi, Baba Tuda. Mshale nauona kama watu wengine, na ulipoirudisha pete haukuonekana tena."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unafundisha." Akaufunika unga. "Mficha uchi hazai. Kesho peleka baiskeli kwa fundi, yako na ya Dahmane. Kisha uende kwa jirani yako ukaseme ukweli. Na ukipita sokoni, leta viazi na karoti."

Karakana ya fundi Mamas iko karibu na lango, aliirithi kwa baba yake. Mwanangu Tuda alikuwa akinisihi niende kwake tangu mwanzo. Mimi sikutaka, kwa sababu Mamas alikuwa mwanafunzi wangu na nilikumbuka alama zake. Asubuhi nilipeleka kwanza baiskeli ya Dahmane kwa mkokoteni, gurudumu la mbele limepinda. Kisha nikarudi nikachukua yangu, nikapita sokoni kama nilivyoagizwa, na nilipotoka sokoni ikakata. Nikafika kwa Mamas nikiisukuma, jasho linanitiririka, viazi na karoti vinabembea.

"Salaam aleikum, mwalimu," Mamas akasema, akifuta mikono. "Hii ndiyo ile ya kurudi nyuma?"

"Ndiyo hiyo," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu.

Nikamweleza pete. Akaifungua, akaigeuza, akairudisha. Nilihesabu: dakika sita. "Hili dogo," akasema. "Wengi hukosea. Lakini kwa nini uliifungua?"

Nikatoa jedwali mfukoni. Siku tisa, kwa wino wa rangi mbili. Nikamweleza joto na ukinzani. Alilisoma lote kwa adabu, akaniuliza kama naweza kumwachia, kisha akaiinua baiskeli, gurudumu la nyuma likaelea, akazungusha pedali. Mota kimya.

Akasimama. Akatazama usukani. Akanyoosha mkono, akautoa mfuko wa viazi, akauweka chini taratibu, akazungusha pedali tena. Mota ikaimba.

Akauning'iniza mfuko pale ulipokuwa. Mota kimya. Akautoa. Ikaimba.

"Mwalimu, huu mfuko hukaa hapa siku zote?"

"Nikitoka sokoni."

"Kwenye mkono wa breki."

"Ndipo panaposhika vizuri."

Mamas alijikohoza. "Ndani ya mkono wa breki kuna swichi. Ukivuta breki hata kidogo, inakata mota, usije ukafunga breki huku unasukumwa. Huu mfuko unavuta breki. Mzigo ukiwa mzito, mota inaacha. Baiskeli yako haijawahi kuumwa."

Nikakaa juu ya tairi. Nikaziona siku zangu tisa, zeituni mezani, kitambaa cheupe, Dahmane ndani ya majani, na sauti ya Ijja ikisema hufa ukirudi tu. Baiskeli ilikuwa inakata mota kwa sababu nilikuwa naifungia breki kwa karoti.

"Uliyajua wapi mambo haya ya sumaku na swichi?" nikamuuliza, ili niseme chochote.

"Hapa hapa. Siku ya somo la sumaku ulinitoa nje kwa kucheka."

"Sasa hucheki."

"Nangoja uondoke, mwalimu."

Baada ya chakula cha mchana nilinunua bonge la sukari, lile refu la karatasi ya buluu tunalobeba tukienda kuomba radhi, nikabisha kwa Dahmane. Alikuwa amekaa kwenye godoro, mkono umefungwa kifuani. Akaitazama sukari, akanitazama mimi, akajua kuna jambo. Nikamweleza lote, bila kuruka hata mtungi wa asali.

Akasogeza mto nyuma ya mgongo wake.

"Kwa hiyo hukukusudia?"

"Hapana."

"Na lile la goti kupumua?"

"Nililitunga palepale, wewe ukinitazama."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Ungeniambia siku ileile uchochoroni," akasema, "tungecheka wawili. Sasa mji umenicheka mimi, na nilikuwa nakutetea."

Niliangalia chini nikayahesabu maua ya zulia. Mwishowe akavuta bonge la sukari kwa mkono mmoja, akaliweka upande wake, na nikajua limekubaliwa.

"Utalisimulia," akasema. "Wewe mwenyewe, mkahawani, wote wakiwepo. Kuanzia jedwali."

"Nitalisimulia."

"Na karoti."

"Na karoti."

Nililisimulia Jumapili. Waliponisikia nikifika kwenye karoti, mwenye mkahawa alilazimika kuweka sinia chini. Dahmane alikaa meza ya mbele, miwani ya kuazima puani, na kila nilipotaka kufupisha alinirudisha: "Umeruka, mwalimu. Waambie ulivyochora paja." Nikawaambia. Nikamaliza nimelowa kama mtu aliyetoka hamamuni.

Tulipotoka nikamwambia tupite kwa Mamas, gurudumu lake limeshanyooshwa, naye yuko tayari kuigeuza pete.

"Pete ipi?"

"Ya baiskeli yako. Iwe kama zamani."

Akapiga hatua mbili, akalikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena. "Haliumi," akasema.

"Kaka Dahmane, nimekwambia nilitunga."

"Wewe ulitunga. Goti halijui kwamba ulitunga."

"Huenda ni kwa sababu siku hizi umepumzika tu."

"Usinifundishe goti langu," akasema Dahmane. Akaingia kwa Mamas, akamwambia aiache pete kama ilivyo, ila akaze breki ya mbele. Mkono ulipopona alipanda akaondoka kinyumenyume kuelekea uwanjani, mgongo wima. Nilimfuata na yangu, nikikanyaga mbele kama kila mtu, na njia nzima watu walimsalimia yeye kwanza.